TAHADHARI: Mama wa vifukofuko vya hariri na "krimu ya serisini"

Dada zangu, yule mama wa maonyesho anayeuza vifukofuko vya hariri (vile viganda vya nyuzi anavyojifumia kiwavi) vya kusugulia uso, msimpe hata shilingi. Ni tapeli!

Mnaojua uso wangu ulivyokuwa umeharibika mnaelewa kwa nini nilisimama pale mezani kwake. Alichukua kifukofuko kilichokatwa ncha, akakitumbukiza kwenye bakuli la maji moto hadi kikalainika, akakivisha kidoleni, akanisugua mgongo wa mkono taratibu. Maji yakawa ya kuteleza, ngozi ikabaki laini. Nilijishika mwenyewe. Akanieleza kwamba utelezi ule ni serisini, gundi inayoshikanisha nyuzi za hariri. Kwamba vifukofuko vikichemshwa ili kufumua uzi, serisini huyeyuka ikamwagwa na maji, ilhali inafaa kwa sabuni. Akataja mforsadi, mti ambao majani yake hulishwa viwavi wa hariri, akataja kituo cha utafiti wa hariri kule Thika. Na yote hayo ni kweli! Mtu anayeijua kazi namna hiyo utamshuku kwa lipi? Nikachukua vifukofuko pamoja na kopo la ile "krimu ya serisini", nikatuma 3,500 kwa M-Pesa, mume wangu akiwa kando yangu. Aibu iliyoje.

Nyumbani, vifukofuko vya juu vilikuwa halisi. Chini yake amejaza vidonge vya nyuzi za plastiki. Nilikichoma kimoja, kikayeyuka kikawa shanga nyeusi ngumu. Hariri ikiungua hunuka kama nywele na majivu yake husagika.

Hayo ningemeza. Krimu ndiyo siisamehe. Uso uling'aa upesi mno, watu wakanisifu kanisani. Nilipoacha kupaka ukawaka moto, ukavimba, ukajaa vipele, hata kucheka kuliuma. Daktari wa ngozi aliligeuza kopo, akaniambia dalili hizi ni za steroidi, dawa kali inayoharibu ngozi ikipakwa ovyo.

Kopo halikuandikwa viungo. Alama ya KEBS, shirika la viwango vya bidhaa la Kenya, ipo, namba ya kibali haipo. Risiti alikataa, na malipo yaliingia kwa jina la mwanamume.

Afungwe! Atangazwe picha yake kila soko! Anachoma nyuso za watu na kuwachafulia jina wakulima wanaohangaika kulisha viwavi majani mchana na usiku.

Namba yake sasa haipatikani. Mwenye kopo lake asilitupe, aniandikie faraghani. Tunayapeleka yote KEBS na polisi kwa pamoja.