Mayonezi ipi ununue Marekani? Inategemea umetua upande gani

Mwambie mtu wa South Carolina kwamba mayonezi zote ni sawa, uone atakavyokutazama. Marekani, chupa iliyo mlangoni mwa friji husema mwenyewe amelelewa wapi. Kusini ni Duke's, New Orleans ni Blue Plate, Mashariki ni Hellmann's, na ukivuka milima ya Rocky kwenda Magharibi ni Best Foods. Kwa ndugu zetu walioko huko, au wanaofunga mizigo, nimezipanga kuanzia ninayoipenda zaidi. Upendeleo wangu sitauficha.

1. Duke's

Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Eugenia Duke aliwauzia sandwichi askari wa Camp Sevier, karibu na Greenville, South Carolina. Askari wakapenda hasa kile kilichopakwa ndani, naye baadaye akaanza kuiuza mayonezi yenyewe. Mwaka 1929 akaiuzia biashara hiyo kampuni ya C.F. Sauer ya Richmond, Virginia.

Siri yake ni kitu ambacho hakimo: sukari. Ina viini vya mayai na siki ya tufaha, na uchachu wake hubaki ulimini. Aliyezoea kuikamulia ndimu kachumbari yake hatapata shida nayo.

Watu wa Kusini huingoja msimu wa nyanya waile kwenye sandwichi: slesi mbili za mkate mweupe laini, nyanya iliyoiva vizuri, chumvi, pilipili manga, na Duke's bila ubahili. Wengi huila wamesimama kwenye sinki, kwa sababu maji ya nyanya hutiririka hadi kwenye viwiko. Mimi ningeitia pia kwenye saladi ya viazi, maana viazi huhitaji kitu kikali cha kuviamsha.

Ukiwa Kusini huhitaji kuitafuta. Maduka makubwa ya Publix, Food Lion na Harris Teeter yote yanayo. Kwingine jaribu Walmart kwanza.

2. Hellmann's, au Best Foods

Usizunguke mji ukitafuta Best Foods huku Hellmann's iko mbele yako. Kampuni ni moja, Unilever, na utepe wa buluu kwenye lebo ni uleule. Richard Hellmann, mhamiaji kutoka Ujerumani, alikuwa na duka la vyakula New York na akaanza kuuza mayonezi yake katika chupa miaka ya 1910. Best Foods ilikuwa tayari na wateja wake Magharibi, na kampuni hizo zilipoungana miaka ya 1930, kila jina likaachiwa eneo lake. Bado wapo wanaoapa kwamba wanaonja tofauti. Waache.

Ladha yake ni ya katikati, yenye sukari kidogo na maji ya limau. Kama unapikia wageni usiowajua vizuri, nunua hii. Iko kila duka.

3. Kewpie

Hii ni ya Kijapani, imeuzwa tangu 1925, na Wamarekani wengi sasa wameihamia. Hutumia viini tu bila ute, kwa hiyo ni nzito na ya manjano zaidi. Chupa yake laini ya plastiki unaiminya moja kwa moja juu ya chipsi au mayai ya kuchemsha. Soma lebo: iliyotengenezwa Japani ina MSG, kiungo cha kukoleza ladha, ilhali inayotengenezwa Marekani hutumia dondoo ya hamira badala yake. Mimi nachukua ya Japani. Nenda maduka ya Waasia kama H Mart. Ni ghali kuliko zilizotangulia, ndiyo maana haikupanda juu zaidi.

4. Blue Plate

Ya Louisiana, tangu 1927. Nayo ni ya viini tu, laini kuliko Duke's, na ndiyo wengi wa New Orleans huipaka kwenye po'boy, mkate mrefu uliojazwa kamba au chaza wa kukaanga. Ukiwa huko ingia duka la Rouses. Ukiwa mbali, sioni haja ya kuiagiza.

5. McCormick yenye ndimu

Lebo imeandikwa Mayonesa, na utaiona kwenye maduka ya Wameksiko, hasa California na Texas. Ni nzuri mno kwenye mahindi ya kuchoma na samaki wa kukaanga.

Ya kuangalia rafuni

Miracle Whip hukaa bega kwa bega na hizi, lakini si mayonezi. Kraft waliizindua mwaka 1933 kwenye Maonyesho ya Dunia ya Chicago. Ni tamu, ina viungo, na mafuta yake ni machache, ilhali sheria ya Marekani inataka mayonezi iwe na angalau asilimia 65 ya mafuta ya mimea. Wapo waliokua nayo huko Midwest, majimbo ya kati-kaskazini, na hawataki kusikia nyingine. Kama hukukua nayo, tafuta neno mayonnaise kwenye lebo kabla hujalipa, na usinunue chupa kubwa kwa ajili ya bei tu: ikishafunguliwa lazima ikae kwenye friji, na baada ya miezi miwili hivi ladha yake hushuka.