Hema la kuvizia linavuja? Spreyi, dawa ya maji au gundi ya mshono, ipi ununue kwanza

Wakuu habari zenu, karibuni tena. Leo nina vitu vitatu hapa mezani, kopo la spreyi ya silikoni, chupa ya dawa ya maji ya kupuliza, na haka katyubu kadogo ka gundi ya mshono. Vyote vinauzwa kwa ahadi ileile, kwamba ukipaka hema lako la kuvizia, lile la kujificha ndani ukisubiri mnyama, halitaingiza maji. Sasa kwa yule ambaye hana muda wa kukaa mpaka mwisho, jibu lako hili hapa, anza na hako kadogo. Hivo viwili vinafuata nyuma, na kuna watu wala hawavihitaji.

Kwa wageni wa chaneli, mimi niko Minnesota, huku kulungu wa mkia mweupe anawindwa kwa upinde kuanzia katikati ya Septemba alafu bunduki zinafunguliwa mwanzoni mwa Novemba, na Novemba ya huku mnaijua, mara mvua ya baridi, mara theluji inayoanguka na kuyeyuka hapohapo juu ya paa, na hiyo ya kuyeyuka ndo mbaya kuliko zote kwasababu maji yake yanakaa. Wakenya mtanisamehe, kwenu uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, na wa Bongo najua wale wa uwindaji wa kitalii wanaanza Julai, kiangazi, chui anaviziwa kwenye kibanda cha nyasi na miti na mvua haipo kwenye hesabu kabisa. Ila hema ni hema, ukiwa mpiga picha wa ndege au mtu wa kupiga kambi wakati wa masika, haya yote yanakuhusu.

Haya tuangalie hema lenyewe kwanza. Hili ni lile la kujifungua, unavuta kamba ya kila ukuta linatoka, unavuta ya paa linasimama. Kitambaa ni poliesta, ndani kimepakwa utando mweusi, ule weusi unasaidia kukuficha wewe uliye ndani na huohuo utando, ambao mara nyingi ni poliyurethani, ndo unaozuia maji. Nje kuna dawa nyepesi inayofanya maji yajikunje kuwa matone yaviringike. Angalia, namwagia kikombe cha maji hapa juu, mnaona yanavyokimbia? Sasa watu wengi wakiona maji hayakimbii tena, kitambaa kinalowa na kubadilika rangi, wanasema hema limekwisha, wanaenda dukani wananunua makopo ya spreyi wanapuliza hema zima, alafu siku ya mvua tone linawaangukia shingoni palepale pa mwaka jana.

Kwanini? Kwasababu maji hayakupita kwenye kitambaa. Njooni karibu na kamera... subirini niweke taa kwa nje. Mnaona hii mistari ya vitone vya mwanga? Hayo ni matundu ya sindano, mshono wa paa unapokutana na ukuta. Kila uzi ulipopita umeacha tundu, na uzi wenyewe unanyonya maji, kwahiyo hata kama tundu ni dogo, uzi unayaleta ndani taratibu, tone linajikusanya linaning'inia hapo kwenye mshono, likishiba linaanguka. Mahema ya kulala milimani yale ya bei mishono yake imebandikwa tepu kwa ndani kiwandani. Haya ya kuvizia mengi hayana. Na kwenye boksi ukisoma vizuri wameandika linahimili maji, hawajaandika linazuia.

Sehemu ya pili ni hapa katikati ya paa, kwenye hii plastiki fito zote zinapokutana. Kitambaa kimetobolewa ili kifungwe hapa, na kwa nje kuna hiki kitanzi cha kuvutia, nacho kimeshonwa. Kwahiyo una tundu na mishono kwenye sehemu ileile. Halafu theluji ikikaa juu, au mvua kubwa na upepo, hii paa inabonyea kwenda ndani, inageuka bakuli, maji yanajaa katikati na yanasubiri tu hapo juu ya tundu. Hapo hakuna dawa yoyote itakayokusaidia, unaizuia kwa kuweka mti katikati, mimi natumia ule mpini mrefu wa kupakia rangi ukutani, unaorefuka, juu nimeuvalisha mpira wa tenisi ili usitoboe. Kitu rahisi na hakuna anayekiongelea.

Sasa kabla hujanunua chochote, lijue hema lako. Pima hivi, siku ya jua lisimamishe uani, mtu mmoja akae ndani na selotepu ya karatasi, mwingine ashike mpira wa maji, aanze kumwagia chini ya ukuta akipanda juu polepole, wala asianze na paa, maana ukianza na paa maji yanateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Aliye ndani kila akiona tone anabandika tepu. Ukimaliza utakuta tepu zote zimejipanga kwenye mishono na kwenye kona, katikati ya kitambaa hakuna kitu. Ukikuta zimejaa katikati ya kitambaa, pitisha kidole kwa ndani, kama ule weusi unanata au unatoka magamba na una harufu kali kama ya matapishi, utando umeoza, na hapo sikushauri ununue hata kimoja kati ya hivi vitatu, weka hela yako kwa hema jipya.

Twende kwenye gundi. Hii niliyonayo ni Seam Grip ya Gear Aid, ile ya WP, ni ya urethani, tyubu ni gramu 28. Ukiikamua inatoka kama asali, ikikauka inabaki laini, inapinda na kitambaa bila kupasuka. Na hapa makini, siyo kila gundi inashika kila kitambaa. Kama hema lako ni poliesta yenye utando wa poliyurethani, ya urethani inakufaa. Kama ni nailoni iliyolowekwa silikoni, ile inayoteleza sana mkononi, basi ni gundi ya silikoni peke yake, nyingine yoyote itabanduka kama ngozi ya kidonda kilichopona. Wapo wanaochukua silikoni ya bafuni wanaichanganya na thina kisha wanapaka, kwa nailoni ya silikoni inafanya kazi, kwa hili hapa haishiki vizuri, na nyingi zinanuka siki wakati zinakauka, siki hiyo kulungu anaipata kabla hata hujakaa kwenye kiti.

Upakaji wake ni hivi. Mshono uwe mkavu kabisa, upangusie spiriti ili mafuta na vumbi vitoke, vuta kitambaa kikaze, kamua kidogo alafu sambaza kwa hii brashi, upana wa kidole inatosha, sukuma iingie kwenye nyuzi. Paka mshono wa paa wote, kona zote, na kile kitanzi cha katikati ndani na nje. Usiweke nene, ikiwa nene inachelewa kukauka na inaleta uzito bure. Acha kwa muda wa masaa 8 mpaka 12, mimi naliacha usiku kucha na asubuhi napitisha poda kidogo juu ya gundi, poda isiyo na manukato jamani, siyo ile ya mtoto, maana bila poda ukilikunja mishono inagandana na ukilifungua linapiga kelele kama unachana karatasi. Tyubu ikibaki ifunge vizuri weka friza, kwasababu hii gundi inakauka kwa unyevu wa hewani, ukiiacha kwenye droo mwakani utakuta jiwe.

Haya, spreyi ya silikoni. Kopo hili nimelifunika jina kwa makusudi, sina ugomvi na mtu. Inafanya nini? Inarudisha ile hali ya maji kukimbia juu ya kitambaa, basi. Haizibi tundu. Kama hema lako lina miaka limefifia kwa jua, spreyi itakusaidia kitambaa kisilowe na kuwa kizito, na hema lisilolowa unalikunja mapema na halioti ukungu, hiyo ni faida ya kweli. Lakini ina mambo mawili siyapendi. La kwanza ni mpangilio, ukishapuliza silikoni juu ya mshono ujue gundi ya urethani haitashika tena hapo, na ndo maana nimesema katyubu kwanza, kopo baadaye. Kuna watu wamenitumia picha gundi inabanduka vipande wanailaumu gundi, nikiwauliza ulipuliza nini kabla, kimya.

La pili ni harufu. Hizi zenye vimumunyisho vya petroli zinanuka wiki nzima na zaidi, na kulungu ana pua kali mno. Puliza Julai au Agosti, liache nje kivulini, upepo ulipitie. Ukipuliza wiki ya kufungua msimu ni kama umekaa porini na tangazo. Na upulizie nje, siyo gereji umefunga mlango, ule mvuke ukiuvuta mapafu yanaumia vibaya, na unawaka moto, sigara weka mbali. Madirisha yenye neti usiyapulize, matundu ya neti yanaziba na huoni kitu kupitia pale.

Chupa ya tatu ni Nikwax, ile ya mahema inayoitwa SolarProof. Hii ni ya maji, haina petroli, haina zile kemikali za florini, na wameweka kinga ya miale ya jua, ambayo kwa poliesta ni jambo kubwa kwasababu jua linaua hema kuliko mvua, hema lililosimama nje kiangazi kizima kitambaa chake unaweza kukichana kwa mkono. Nzuri yake nyingine unaipulizia kitambaa kikiwa kibichi, kwahiyo ukishaosha hema huna haja ya kusubiri, unapuliza, unapangusa iliyozidi kwa kitambaa, unaacha likauke. Harufu yake ni ndogo. Ubaya, inakula dawa nyingi, hema la watu watatu chupa moja inaisha haraka, na bei yake iko juu ya kopo la silikoni. Mimi kati ya hizi mbili nachukua hii, tena bila kufikiria sana.

Kuhusu kuosha, nimetaja tu lakini niseme vizuri. Usitumie sabuni ya unga ya nguo. Nyingi zina vile vitu vya kufanya nguo nyeupe ing'ae kwa mwanga wa buluu, na kulungu rangi ya chungwa haioni kama tunavyoiona sisi lakini buluu na miale ya urujuanimno (UV) anaiona vizuri kutushinda, kwahiyo hema lako lenye michoro ya majani linamng'aria. Maji ya uvuguvugu na sponji, basi.

Sasa mtaniambia, nimepaka vyote na bado asubuhi naona maji kwenye paa ndani. Hayo siyo yaliyovuja, ni pumzi yenu. Watu wawili ndani, nje nyuzi sifuri, mvuke unagonga kitambaa baridi unageuka matone. Utayatambua kwasababu yametapakaa paa zima, hayafuati mshono. Dawa yake ni kufungua dirisha kidogo upande usio na upepo na lingine juu upande wa pili. Na wale wenye hita ya gesi ndani hapa nawaomba masikio, msije mkafunga kila tundu kwa gundi na matepu mkakaa na hita, kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, unasinzia na huamki tena. Hewa ipite, hata kama baridi inaingia.

Kitu cha mwisho kwa walioko huku, ukiwa kwenye ardhi ya umma wakati wa msimu wa bunduki, hema la kitambaa lazima liwe na rangi ya chungwa ya kung'aa, au pinki, juu ya paa ionekane pande zote, au inchi za mraba 144 kila upande. Msikipulizie spreyi kile kitambaa cha chungwa kikiwa kimefungwa juu ya paa, kitoe, maliza kazi yako, kirudishe kwa pini za kwenye fito, na msikishone kwenye paa kwa sindano, maana mtakuwa mmeanza upya na matundu.

Kwa bei, gundi ni kama dola kumi hivi na inatosha mishono ya paa, kwahiyo kama mfukoni una dola kumi tu mwezi huu, sahau kopo, sahau chupa. Maswali wekeni hapo chini, ila ukiuliza nitajie kitambaa cha hema lako ni kipi na umeshawahi kulipuliza nini, bila hivo sitaweza kukujibu.