Steshenari ya Kihonda wanakojaza maombi ya kazi za SGR: nyota nne, ila paswedi yako kaa nayo mwenyewe

Watu wengi mmekuwa mnaniuliza inboksi hizi kazi za SGR, hii reli mpya ya umeme, zinaombewa wapi na nani anaweza kumsaidia mtu ambaye kompyuta haijui, sasa badala ya kujibu mmoja mmoja ngoja niiongelee hii steshenari ya huku kwetu Kihonda, Morogoro, ambayo vijana wengi wa mtaani wamepitia pale. Jina siliweki kwa sababu kuna mambo yao nitayasema vibaya huko chini na sitaki kuwaharibia, wa Kihonda mtaijua tu.

Zamani pale palikuwa pa kupiga kopi na picha za pasipoti basi. Treni ilipoanza kubeba abiria Dar mpaka Moro mwezi Juni 2024, na Julai ikafika Dodoma, wakaona mchongo. Sasa hivi ukifungua akaunti ya Ajira Portal, ule mtandao wa serikali wa kuombea kazi, wanachukua 3,000, kuomba nafasi moja 5,000 na hapo ni pamoja na kuskani vyeti, CV 5,000, barua buku. Mjue kuomba kazi kwenyewe kwenye Ajira Portal ni bure, hiyo hela unalipia mikono yao na bando lao, na mimi sioni tatizo kwa mtu ambaye hana laptopu na simu yake kioo kimepasuka.

Nyota nne nawapa kwa kitu kimoja, wanakwambia ukweli kabla hawajachukua hela yako. Nilikuwa nimekaa nasubiri kopi zangu akaja kijana na bahasha ya kaki, anataka kuomba uhudumu wa ndani ya treni. Dada wa pale akatoa karatasi moja moja akaziweka mezani, akafika kwenye ya kidato cha nne akaigeuza nyuma na mbele, akamwambia, "Mdogo wangu hii ni rizalti slipu, hii hawaipokei, cheti chenyewe kiko wapi?" Kijana anasema kiko shule, hakukifuata. Dada akamrudishia bahasha. "Kakifuate kwanza, tangazo linafungwa wiki ijayo, nikikujazia leo nakula tu hela yako." Na ni kweli, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanasema kabisa rizalti slipu na provishono (matokeo ya muda) hazikubaliwi, barua lazima iwe na sahihi yako, CV iwe na wadhamini watatu, ila watu hawasomi mpaka chini. Sehemu nyingine wangemjazia hivyohivyo akakae miezi anasubiri meseji isiyokuja.

Kitu kingine ni ukuta. Wanaprinti matangazo ya kazi wanabandika, juu wameandika kwa makapeni tarehe ya mwisho, na yale feki nayo wanayabandika, wamepiga X nyekundu. Nimesoma moja lenye X, linasema nafasi za SGR mia kadhaa, darasa la saba na kuendelea, tuma 35,000 ya vipimo vya afya kwenye namba hii. Sarufi mbovu, nembo imevutwa mpaka imekuwa pana kama chapati. Mtu ukisimama pale dakika kumi unajifunza kutofautisha, maana kazi za TRC, yaani Shirika la Reli, zinapita Ajira Portal na hakuna anayekuomba hela kwenye simu.

Sasa hapa ndo niseme kidogo kuhusu hizo kazi zenyewe, maana naona watu wanachanganya na wale pale steshenari nao wanaeleza vizuri ila kwa harakaharaka sababu ya foleni.

Kuna kazi za ujenzi na kuna kazi za kuendesha, na ni watu wawili tofauti wanaokuajiri. Ujenzi ni mkandarasi. Huku kwetu jiwe la msingi liliwekwa Aprili 2017 pale Pugu, Dar mpaka Moro wakajenga Yapı Merkezi wa Uturuki na Mota-Engil wa Ureno, Moro mpaka Makutupora kule Singida Yapı Merkezi peke yao, na miaka ile ukiwa na nguvu na kitambulisho ulikuwa unapata kibarua, kusuka nondo, shutaringi, kubeba, kupika kambini, kushika bendera ya usalama barabarani. Kilosa kule kwenye mahandaki vijana walijifunza kazi ambazo hakuna chuo cha huku kilikuwa kinafundisha. Lakini hiyo huku imeisha jamani, anayekuja Moro leo kutafuta kibarua cha kujenga reli amechelewa. Ujenzi umesogea bara, Makutupora kwenda Tabora, Tabora Isaka, Isaka Mwanza na Tabora Kigoma, zile mbili za mwisho wanazo kampuni za Kichina. Huko ndo kwenye greda na vijiko, na huko hawakuulizi portal, wanakuuliza leseni ya mitambo, cheti cha VETA cha uchomeleaji au umeme, na kama unaweza kulala kambini miezi bila kulia. Mkataba ni wa muda, kipande kikiisha na wewe umeisha, unahama nacho au unarudi nyumbani.

Kazi za kuendesha ndo za TRC na ndo hizo wanazojaza pale. Madereva, mafundi wa nyaya za umeme wa juu, mafundi wa signo na mawasiliano, wa matengenezo ya njia, wakaguzi, wahudumu. Hizi ni chache kuliko za ujenzi na zinataka karatasi, ndo maana watu wana hasira. Reli inajengwa na maelfu halafu inaendeshwa na wachache, iko hivyo kila nchi. Treni hii ni ya umeme, inakimbia mpaka 160 kwa saa, zile treni za mchongoko, zenye pua iliyochongoka, zimetoka kwa Hyundai Rotem wa Korea, hawawezi kukupa kazi tu kwa sababu baba yako alikuwa kwenye reli ya zamani. Kama una mdogo wako anamaliza fomu foo mwambie aangalie chuo cha reli cha Tabora, au NIT, chuo cha usafirishaji pale Mabibo, au VETA achukue umeme, badala ya kukaa kwenye magrupu ya WhatsApp kusubiri "konekisheni".

Halafu kuna kazi za tatu ambazo hazina tangazo, na kwa maoni yangu ndo nyingi zaidi hapa Moro. Treni ikishusha watu bodaboda na bajaji wanajaa nje, mama lishe wameongezeka, nyumba za kulala wageni, vyumba vya kupanga vimepanda bei (hiyo siyo habari njema kwa sisi wapangaji), mpaka wapo wanaokaa Moro wanafanya biashara Kariakoo kwa sababu nauli ya kawaida ni 13,000 na unafika kwa chini ya saa mbili. Hiyo steshenari yenyewe ilikuwa na mtu mmoja, leo ina watatu. Na wameanza kitu kizuri sana, wanawasajili akina mama na vijana wenye vikundi kwenye mfumo wa NeST, ule wa zabuni za serikali, kwa sababu sheria ya manunuzi inazitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 kwa makundi maalumu. Usafi, chakula, bustani, kushona sare, vitu kama hivyo. Nilimkuta mama mmoja ana kikundi cha kupika, anaulizwa TIN, anaulizwa cheti cha kikundi cha halmashauri, vyote anavyo vimekunjwa kwenye kanga. Kwangu mimi huyo yuko karibu na hela ya SGR kuliko sisi tunaosubiri uhudumu.

Haya, mabaya yao.

La kwanza na kubwa, paswedi. Wana daftari la kaunta wameandika imeili na paswedi za wateja, liko mezani, mtu yeyote akiinama anasoma. Wanasema ni kwa sababu watu wanasahau, sawa, wanasahau kweli, lakini kwenye ile akaunti kuna namba yako ya NIDA na vyeti vyako vyote. Mwambie asiandike, andika mwenyewe kwenye karatasi yako nenda nayo nyumbani. Na hakikisha namba ya simu iliyowekwa ni ya kwako, kuna jirani yangu akaunti yake iliwekwa namba ya dukani kwa sababu siku ile simu yake ilikuwa haina chaji, akaitwa kwenye usaili wa mchujo, meseji ikaenda dukani, wao wana meseji mia, hawakuona. Alikuja kuona jina lake kwenye PDF usaili umeshapita. Waliomba msamaha wakamrudishia elfu tano. Elfu tano jamani.

La pili CV zao zote zinafanana. Ukisoma tatu umesoma zote, kila mtu anapenda kusoma vitabu na kuangalia mpira, kila mtu anaweza kufanya kazi kwenye presha. Kama ulishika kazi saiti, hata kibarua, waambie waandike ulifanya nini hasa, kwa nani, mwaka gani, na kama ulipata mafunzo ya OSHA, wale wa usalama kazini, yaandikwe. Wasipoambiwa hawaulizi.

La tatu, hilo grupu lao la "VIP" la 2,000 kwa mwezi usiingie. Wanatuma matangazo yaleyale yaliyoko ukutani na ukuta ni bure.

Wanafungua saa mbili asubuhi mpaka saa tatu usiku, Jumapili baada ya ibada. Nenda na vyeti halisi, cha kuzaliwa pia, flashi yako, simu yenye chaji, na ukishajaziwa kaa hapohapo mpaka uone kwa macho yako kwamba ombi limetumwa. TRC wakitangaza usiende siku ya mwisho kwa sababu mtandao unakuwa mzito nchi nzima na wao siku hiyo wanapandisha bei mpaka 8,000.