Gauni la elfu 28 halifai hata kuwa dekio

Jamani nimekaa na hili jambo wiki nzima, naona nisipoandika halitanitoka. Mwezi wa kumi na mbili nilienda Kariakoo kuchukua nguo za sikukuu, zangu na za familia, duka silitaji maana mzigo huohuo umejaa fremu kibao pale na tatizo sio la mtu mmoja. Nikachukua gauni la kijani la kutokea sh 28,000, blausi mbili za chifoni 12,000 kila moja, suruali ya jinsi ya mwanangu wa miaka saba 15,000, na fulana tatu za baba yao kwa 24,000 zote. Jumla 91,000, na nilitoka pale nimeridhika kabisa, kwa macho nguo zilikuwa nzuri, zimenyooka, zina lebo, zinanukia upya.

Niseme pia kwamba mi nilikuwa mtu wa nguo mpya. Ile 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walipokubaliana mitumba iondoke ifikapo 2019 nilifurahi kweli, nikaona sasa na sisi tutavaa vyetu, baadae Marekani wakaleta masharti ya AGOA, ule mpango wa bidhaa za Afrika kuingia kwao bila ushuru, na waliobaki kukomaa ni Rwanda tu. Kwahiyo ninayoyasema hapa hayatoki kwa mtu anayedharau nguo za dukani, niliziamini.

Sasa gauni. Krismasi nimelivaa, safi, watu wamesifia. Nikalifua kwa mkono, beseni lake peke yake, maji ya baridi, sabuni kidogo, maji yakawa kijani kama umechemshia mchicha. Nikaanika kivulini. Mara ya pili kulivaa naona kwapani pamepwaya, nikasema labda ni macho yangu. Mara ya tatu ilikuwa kipaimara cha mtoto wa dada, nanyoosha mkono kupokea sahani nasikia baridi ubavuni, kuangalia, mshono upo palepale haujakatika ila kitambaa chenyewe kimeachia, nyuzi zimejitenga pembeni ya mshono kama ngazi na ngozi inaonekana. Nilikaa na mtandio umefunika bega mpaka sherehe inaisha, na nilitoa zawadi nimekaa.

Kesho yake nikapeleka kwa fundi wetu wa mtaani, mzee ameshona zaidi ya miaka thelathini. Akalipindua ndani nje, akalitandika juu ya cherehani, akanionyesha kwa kidole, "Mama, hapa hamna pa kushika." Kweli, ile nafasi ya mshono ambayo fundi wa kawaida anakuachia ili ukinenepa aweze kuachia, pale haikufika hata nusu sentimita, wamepiga ovaloki tu moja kwa moja basi, hakuna mshono wa pili wa kubana. Akavuta uzi mmoja wa pindo la chini, pindo zima likafumuka mbele yangu mpaka lilipokutana na mshono wa ubavu. Af akachomoa uzi wa kitambaa akauwasha kiberiti. Lebo imeandikwa pamba, na pamba ikiungua inatoa harufu ya karatasi na majivu laini, huu ulijikunja ukayeyuka ukabaki kidonge cheusi kigumu kama punje ya ulezi. Poliesta tupu, yaani mafuta ya petroli, mali ileile ya chupa za maji ya kunywa, ndo nimevaa na joto hili la Dar, ndo maana jasho lilikuwa linanichuruzika mgongoni.

Blausi sina mengi, moja imeota vipele kifuani baada ya kufua mara mbili, nyingine imetatuka ilipogusa msumari wa kiti. Jinsi ya mtoto zipu iliachia wiki ya kwanza tu na goti lina tundu, mtoto ni mtoto najua anacheza chini, ila kaka yake alivaa jinsi ya mtumba miaka mitatu mpaka ikamfikia huyu, na yeye alikuwa anacheza chini vilevile. Fulana mbili zimejizungusha, mshono wa ubavu umehamia mbele ya tumbo. Ile ya tatu, ya bluu, ni nzuri sana sio siri, nzito mkononi, haijachuja, haijarudi, shingo haijalegea, na ilikuwa rundo moja na zile mbili kwa bei moja. Yaani inawezekana kabisa, ni mtu tu aliamua.

Nilimpigia muuzaji. Hakuwa mkali, aliongea vizuri tu, akaniambia, "Dada hizo ni nguo za msimu, unavaa sikukuu, sikukuu nyingine unakuja unachukua nyingine." Nikakumbuka na lile bango la ukutani, mali ikishauzwa hairudishwi. Hilo neno la msimu ndo limeniuma kuliko hata hela, maana hakuna aliyeniambia nikiwa nahesabu noti, na elfu 91 nyumbani kwetu ni mchele na mafuta ya mwezi.

Kwetu nguo ina safari. Inaanza ya kutokea, ikichoka kidogo inakuwa ya kushindia, ikichoka zaidi unalalia, ikitoboka unaichana inakuwa dekio, na dekio nalo linakaa hata mwaka. Mama yangu ana khanga ya kiwanda cha Urafiki, kile cha Ubungo kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa Wachina, khanga hiyo ilinibeba mimi mgongoni, ikambeba mdogo wangu, na wanangu wote wawili wamelalia kipande chake wakiwa wachanga, imekuwa laini kama shavu la mtoto. Hili gauni nililichana nikasema basi angalau nidekie, nikalichovya kwenye ndoo nikapitisha sakafuni, likasukuma maji huku na huku. Halinyonyi. Nilipiga magoti pale jikoni nalikamua, halina hata tone la kukamua, machozi yakanilenga jamani, nguo imetoka kwenye sherehe imeenda moja kwa moja jalalani, na jalalani nako haiozi.

Hesabu ni rahisi. Gauni nimevaa mara tatu, zaidi ya elfu 9 kila nikilivaa. Shati langu la mtumba la soko la Karume nilinunua 6,000 mwaka 2019, nalivaa kazini karibu kila wiki na kola bado imesimama. Ila hata Karume nako msijidanganye kama nilivyokuwa nafikiri, jamaa ninayenunuaga kwake analia, anasema anafungua belo anakuta nusu yake ni hizihizi nyepesi, Ulaya nao wanavaa za msimu, wakishachoka nazo zinatufikia sisi zikiwa zimeshakufa na yeye ameshalipia kwa kilo.

Na pamba tunayo, Simiyu na Shinyanga wanalima, sehemu kubwa inachambuliwa tu mbegu inatoka na marobota yanapanda meli. Hili linanichoma kila nikifikiria.

Kwa anayeenda Kariakoo wiki hii: pandisha nguo kwenye mwanga, ukiona vidole vyako upande wa pili rudisha. Vuta mshono kwa mikono miwili, ukiona nyuzi zinaachana usinunue hata wakikushushia bei. Pindua ndani uone kama kuna nafasi ya mshono. Lowesha leso nyeupe usugue sehemu iliyojificha uone rangi, muuzaji akikataa nenda fremu ya jirani. Lebo usiisome kabisa.

Mimi kwa duka lile naweza kurudi kwa zile fulana za bluu tu, nikiwa nimezishika moja moja. Gauni la Pasaka nimeshapeleka kitambaa cha pamba kwa mzee, kitambaa 18,000 na kushona 15,000, nimemwambia aniachie nafasi ya mshono sentimita mbili kila upande, kacheka, kasema ataniachia tatu.