Intaneti ya nyumbani Nairobi: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Matangazo hukupa namba moja, Mbps, yaani kasi. La kuuliza ni jingine: kutoka mlangoni kwako hadi kwenye nyaya kuu za jiji unapita njia gani, na unaipita na nani? Kwa anayepanga fleti Nairobi, mimi nazipanga hivi.

Ya kwanza ni faiba, tena kwa mbali. Waya wa kioo hutoka kituo cha kampuni hadi kisanduku cha nguzoni au ngazini, na hapo mwanga hugawiwa nyumba 32, pengine 64. Kwa GPON, teknolojia iliyozoeleka, nyumba zote hizo hugawana Gbps 2.5 hivi za kupakua, yaani Mbps 2,500. Zinatosha, maana majirani hawapakui wote kwa sekunde ile ile. Filamu ya 4K yenyewe hula kama Mbps 15 tu. Kigawanyio hicho hakitumii umeme, kwa hiyo stima ikipotea, betri ndogo ya volti 12 ya kuwasha rauta yaweza kukubakiza mtandaoni. Nunua betri hiyo kabla ya kupanda kifurushi.

Siku ya kufungiwa, usiridhike na taa ya kijani. Mwambie fundi achomeke kipima mwanga kwenye ncha ya waya. Hasi 20 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga) ni safi. Ikikaribia hasi 27, kuna kiungio kichafu au waya umekunjika mahali, na taa nyekundu ya LOS, ya kusema mwanga umepotea, haiko mbali. Usikubali waya upindwe kwenye kona kali au ubanwe na mlango. Kikwazo kikubwa ni mwenye nyumba, ambaye huenda ameshaelewana na kampuni moja tu. Muulize keateka, yaani msimamizi wa jengo, kabla hujalipa dipoziti ya nyumba.

Ya pili ni rauta ya 5G, ambayo Safaricom ilianza kuiuza Oktoba 2022. Haiombi kibali cha mtu, na ukihama unahama nayo. Lakini mnara ni wa wote, na jioni wote wako nyumbani. Azima simu ya 5G, simama kwenye dirisha utakapoiweka rauta, upime saa mbili usiku. Kipimo cha saa nne asubuhi kinakudanganya. Soma pia maandishi madogo: "bila kikomo" mara nyingi ina kikomo, kasi hushuka ukishamaliza GB fulani.

Ya tatu ni intaneti ya mtaani, ile ya antena juu ya paa. Bei ni nafuu na mwenyewe anapatikana kwa simu, jambo ambalo kampuni kubwa zimelisahau. Ila antena lazima zionane, na masafa ya GHz 5 hayana mwenyewe. Jirani akifunga zake, zinagongana. Ghorofa mpya ikiota katikati, basi.

Starlink naiweka mwisho, na najua nitapingwa. Setilaiti zake ziko kama kilomita 550 tu juu, na huduma yenyewe ni nzuri. Shida ni kwamba kila eneo la ardhi lina mgao wake, na jiji lina watu. Ilifika Kenya Julai 2023. Novemba 2024 ikasitisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu nafasi ilijaa. Halafu hilo sahani linataka anga wazi, na fleti ya ghorofa ya pili haina. Ukiwa ndani kabisa ya Kajiado, geuza orodha hii yote.

Yoyote utakayochukua, usipime kasi kwa seva ya Nairobi pekee. Hiyo inapima jiji tu. Chagua ya London au Marseille. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, hata wenye faiba safi walikwama. Muulize muuzaji trafiki yao hupitia nyaya ngapi kutoka Mombasa. Akisitasita, lipa mwezi mmoja kwanza.