Friza niliyonunua Darajani nikiwa bado na akili za Coventry

Asalaam alaykum jamani. Naandika hii kwa sababu kila nikipita mtu ananiuliza ile friza imeishia wapi, na najua kuna wenzangu mwaka huu wanarudi nyumbani na makontena yao, bora wajue mapema.

Mie ni wa Chake, Pemba. Niliondoka 2008 nikakaa Coventry, Uingereza, miaka kumi na tano, nikarudi na watoto wawili ambao Kiswahili wanachokijua ni cha kuombea pesa tu. Watu wanadhani ukirudi kwenu hujahamia nchi ngeni, thubutu! Umeme niliouacha mie ulikuwa wa majenereta ya Wesha, unawaka ukitaka wenyewe, leo kuna waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010 na mita za TUKUZA, umeme wa kulipia kabla, siku ya kwanza nimesimama mbele ya mita na tarakimu zangu ishirini kwenye simu sijui nianzie wapi, mtoto wa jirani wa darasa la tatu ndo alonitilia.

Basi nikataka friza nifanye barafu na malai, mtaani kwetu zinakwenda sana. Nikavuka Unguja, nikaingia duka moja pale Darajani (jina silitaji), friza ya lita 200, laki saba na nusu baada ya kuvutana. Muuzaji kijana mzuri tu, anacheka, kaniita mama mara kumi. Akaniambia, "Mama nikuwashie uione?" Nikamjibu hapana mwanangu boti itaniacha, funga tu. Akaanza kuniandikia risiti ya kitabu, hapo ndo nikakumbuka za kule nikamwambia mie nataka ya mashine, akanuna kidogo lakini akatoa. Kadi ya garantii nikaitia mkobani bila kuitazama.

Friza ikafika bandari ya Mkoani salama, wachukuzi wakataka kuilaza kwenye kirikuu nikapiga kelele mpaka wakaisimamisha. Nyumbani nikaiacha usiku kucha bila kuichomeka, maana ikitikiswa njiani mafuta ya kompresa yanapanda kwenye mabomba, yataka yapewe muda yarudi. Asubuhi nikawasha, taa ya kijani, inanguruma vizuri, nikajaza mifuko sitini ya maji ya ukwaju. Siku ya pili bado maji. Siku ya tatu, ubavu wa kushoto umeota barafu kiasi cha kiganja changu, kwengine kote humo ndani ukitia mkono kama kabati la nguo. Nikamwita fundi, akatega sikio, akapapasa bomba la nyuma, akasema gesi hii bi mkubwa haijai, lakini mie sikufungulii, nikigusa tu hapa garantii yako imekufa. Mungu ambariki, mwengine angefungua akachukua pesa yake.

Nikampigia muuzaji. Yule yule wa mama mama. "Huo umeme wenu wa Pemba huo, umeipiga kompresa." Nikamwambia taa zinawaka, tivii inafanya kazi, pasi inafanya kazi, umeme umeichagua friza tu? Akaniambia garantii iko wapi, naitoa mkobani naikuta tupu, haina muhuri, haina tarehe, haina hata namba ya friza. Na chini ya risiti pameandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Hapo nikapandwa na mori wa Coventry. Kule niliwahi kununua birika la umeme likaanza kuvuja baada ya wiki tatu, nikalirudisha bila hata boksi, yule dada wa kaunta hakuniuliza liliangukaje, pesa ikarudi kwenye kadi. Ni sheria yao ya 2015, kitu kikiwa kibovu una siku 30 za kukirudisha udai pesa yako yote, na kikiharibika ndani ya miezi sita muuzaji ndo wa kuthibitisha kwamba kilikuwa kizima alipokuuzia, sio wewe. Ukinunua kwa mtandao una siku 14 za kubadili mawazo tu, hata kama kitu hakina kosa. Nikamsomea dada yangu yote haya, akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwani hukuiwasha dukani?"

Nikanyamaza. Maana kweli, kwetu hata balbu ya elfu mbili muuzaji anaitia kwenye kile kibao chake iwake uione ndo unatoa pesa. Mie miaka kumi na tano nimezoea kununua kwanza kufikiri baadae, sheria itanibeba. Huku mteja anamaliza kazi yote kabla pesa haijatoka mfukoni, na yule kijana alinipa nafasi hiyo nikaikataa kwa mdomo wangu.

Lakini sikuacha. Na hili watu wanalikosea, wanakwambia nenda FCC, ile Tume ya Ushindani, ile ni ya bara. Zanzibar tuna sheria yetu ya kumlinda mtumiaji ya 2018 na Tume yetu wenyewe ya Ushindani Halali wa Biashara. Nikarikodi video, friza imefunguliwa, tivii inaonekana inawaka nyuma, nikavuka tena Unguja na risiti ya mashine. Nilitaka kuingia na moto wangu, mjomba akanizuia, akasema twende wote na wewe usiseme kwanza. Akasalimia, akauliza habari za watu wa nyumbani, akakaa. Kumbe anamjua baba yake mwenye duka. Dakika ishirini hatujaitaja friza, nakufa mie! Halafu akasema taratibu, "Huyu mwanangu kaniambia anataka kwenda Tume, nikamwambia tupite kwako kwanza." Nikatoa risiti, nikaonyesha video.

Nikapewa nyengine. Pesa hawakutaka kurudisha, na nauli ya mzigo kwenda na kurudi imetoka kwangu, kama elfu tisini hivi, hiyo bado inaniuma kwa sababu kosa sio langu. Hii ya pili niliiwasha pale pale dukani saa nzima, nimekaa kwenye kiti cha plastiki nakula urojo, kadi ikapigwa muhuri, namba nikaisoma mwenyewe kwa sauti.

Friza yenyewe naipa nyota nne, umeme ukikatika usiku barafu inafika asubuhi haijayayuka. Duka mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya mjomba.

Juzi nimekwenda kununua pasi. Kijana akataka kuifunga, nikamwambia ichomeke, nikangoja ikapata moto, nikapiga ncha ya mtandio wangu pale pale kaunta.