Kipimo cha DEXA hapa Dar: mashine safi, ripoti ya bibi

Nina ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo, tangu darasa la sita. Kabla haujajulikana nilimezeshwa dawa za amiba, kisha za TB ya tumbo. Ulipojulikana nikaanza prednisoloni, dawa ya steroidi iliyonirudisha shuleni na mashavu yamevimba. Habari za mifupa, ambayo steroidi huidhoofisha, hakuna aliyezigusia. Sasa nina miaka 31, na daktari mpya wa tumbo ndiye aliyenituma kufanya DEXA, kipimo cha mionzi cha wingi wa madini ya mifupa, kwenye hospitali binafsi moja hapa mjini.

Dada wa mapokezi alisoma karatasi yangu, akachungulia nyuma yangu. "Mama yuko wapi?" Nikamwambia mama yuko Tanga, anayepimwa ni mimi. Fomu yao inauliza kama umekoma hedhi. Steroidi haiulizi, utumbo hauulizi. Nikajiandikia pembeni kwa kalamu, na wewe fanya hivyo hivyo.

Kipimo chenyewe sina neno. Kaka wa mionzi aliuliza kama nimemeza kalisiamu siku hiyo au nimenyweshwa dawa ya kuonyesha utumbo hivi karibuni, kwa kuwa huharibu picha ya uti wa mgongo. Watu wa Crohn hatuishi kupigwa picha za tumbo, kwa hiyo swali lake nililipenda. Unalala chali, miguu juu ya boksi la sponji ili mgongo ulale bapa, halafu nyayo zinafungwa zikiangalia ndani ili nyonga ionekane. Mkono wa mashine unapita juu yako taratibu bila kukugusa. Mionzi yake ni midogo kuliko ya eksirei ya kifua.

Kilichoniudhi ni ripoti. Ilitoa alama ya T peke yake, inayokulinganisha na kijana mwenye afya, imeshuka chini ya −2.5, na neno "osteoporosisi" (mifupa dhaifu inayovunjika kirahisi) limekolezwa wino. Nilikosa usingizi bure. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi inasomwa Z, inayomlinganisha na wa rika lake. Isitoshe, tulioumwa utotoni wengi tulidumaa. Mimi nina sentimita 148. Mashine hii inapima madini kwa eneo la picha, haijui unene wa mfupa, hivyo mifupa midogo huonekana hafifu kuliko ilivyo.

Nilirudi kudai Z, wakaichapa palepale bila malipo: −2.4. Daktari akasema ni chini kwa umri wangu, ila ufupi umechangia. Dawa za kuimarisha mifupa hakukimbilia, maana bado nataka kuzaa. Ameagiza vitamini D ipimwe, na kwanza Crohn itulizwe, kwa sababu ule uvimbe wa utumbo wenyewe unakula mifupa hata bila steroidi.

Nawapa nyota tatu na nusu. Kipimo cha marudio nitafanyia kwao, kwani namba za mashine mbili tofauti hazilinganishwi vizuri. Maegesho hakuna, panda bajaji.